Ukipenda mambo ya ajabu, yafuate hadi kwa shahidi wa kwanza

Watu wanaoniona nikishinda na vitabu vya mazimwi, tabia za wanyama na filamu za zamani huniuliza swali lilelile: waanzie wapi? Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi. Achana na orodha za maajabu kumi ya dunia. Chagua kiumbe mmoja ukae naye muda mrefu. Mfuate kwenye hekaya, kwenye filamu, porini na maabara, na kila unapoambiwa jambo juu yake, uliza ni nani aliyeliona kwanza na aliandika nini.

Mimi nilianza na mnyonya damu, na bado sijammaliza. Anayemjua kwa filamu tu ataapa kwamba jua limekuwa likimwua tangu zama za kale. Kumbe katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula anatembea mchana, ila nguvu zake zimepungua. Kifo cha kuunguzwa na jua kilikuja na Nosferatu, filamu ya kimya ya Ujerumani ya mwaka 1922, iliyotengenezwa bila idhini ya familia ya Stoker. Mjane wake alishtaki, mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe, na filamu ikapona kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimeshasambaa. Filamu nyingi zinazopendwa na kikundi kidogo cha mashabiki sugu zimeishi kwa namna hiyo, zikibebwa na watu waliokataa kuziacha zife. Ushauri wangu ni huu: itazame usiku, zima taa, na usisome chochote kuihusu kabla. Kusoma kutakuja baadaye, na kutakuwa kutamu zaidi ukiwa tayari umeshaogopa.

Ukimaliza, rudi nyuma. Mwaka 1732 madaktari wa jeshi la Austria waliandika ripoti kutoka kijiji kimoja cha Serbia ambako makaburi yalikuwa yamefukuliwa. Wanaeleza miili iliyokuwa haijaoza kama walivyotarajia, damu midomoni, ngozi na kucha za zamani zimebanduka na mpya kuonekana chini yake. Ukiisoma ripoti hiyo unakutana na watu makini walioandika walichokiona. Macho yao hayakuwadanganya. Hawakuwa na maelezo tuliyonayo leo: gesi zinazojaa mwilini baada ya kifo husukuma majimaji yenye rangi ya damu hadi mdomoni, na ngozi ya juu hutoka kama ganda na kuacha sehemu inayoonekana kama imezaliwa upya.

Na popo je? Popo wanaoishi kwa damu ni spishi tatu tu, na wote wako Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini, bahari nzima mbali na makaburi yale. Hekaya ilitangulia, mnyama akabandikwa jina baadaye. Popo huyu akikosa mlo usiku mbili tatu mfululizo anaweza kufa kwa njaa. Mwaka 1984, baada ya utafiti wake Costa Rica, mwanabiolojia Gerald Wilkinson alionyesha kwamba popo aliyeshiba humtapikia damu mwenzake aliyerudi na njaa, na wanaolishana si ndugu peke yao. Katika mate yake kuna protini inayozuia damu isigande, na wanasayansi wakaiita draculini. Kwangu mimi, popo anayemlisha jirani yake gizani anazishinda hekaya zote za majumba ya mlimani. Nisingemfikia kama ningeishia kwenye filamu, na pengine nisingemtafuta kama nisingeitazama.

Jambo la pili ninalosisitiza kwa wanaoanza ni kuihoji kamera. Mtu huweza kukataa habari za zimwi la ziwani kwa kicheko, kisha akameza kila kinachoonyeshwa kwenye filamu ya wanyama kwa kuwa msimulizi ana sauti ya upole. Kumbuka lemingi, wale panya wadogo wa nchi za baridi wanaosemekana kujiua kwa kuruka gengeni. White Wilderness, filamu ya Disney ya mwaka 1958, ilionyesha tukio hilo waziwazi na ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ilifichua jinsi lilivyotengenezwa. Lemingi walinunuliwa kwingine na kuletwa Alberta, wakawekwa kwenye jukwaa linalozunguka ili wachache waonekane kundi kubwa, kisha wakasukumwa majini. Ukweli ni kwamba idadi ya lemingi hupanda sana na kuporomoka kila baada ya miaka michache, na wanapohama kwa wingi baadhi huzama wakijaribu kuvuka maji. Inanikera hadi leo kwamba wanyama walitupwa mtoni ili kuthibitisha uongo juu yao. Kwa hiyo unapotazama, jiulize kamera ilikuwa wapi, mnyama alifikaje pale, na kama mwanzo na mwisho wa tukio vinaonekana katika picha moja isiyokatwa au vimeungwa.

Hata pasipo hila ya mtu, mnyama anaweza kutupotosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Berlin aliyeitwa Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli, na tume iliyomchunguza mwaka 1904 haikuona udanganyifu wowote. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst ndiye aliyefumbua fumbo, akachapisha matokeo mwaka 1907: pale muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakujua. Farasi alikuwa akisoma mkazo mdogo wa mwili wa muulizaji, ambao hulegea idadi sahihi ikifika. La kushangaza zaidi ni kwamba Pfungst mwenyewe, akiwa anaijua siri, alishindwa kuzizuia kabisa dalili hizo. Wengi huisimulia hadithi hii kama aibu ya farasi. Mimi naiona kama ushindi wake, kwani aliona kile ambacho binadamu waliomzunguka hawakukiona. Ukikutana na video ya mbwa anayejibu maswali, angalia kwanza kama aliyeuliza analijua jibu.

Kuhusu viumbe wa hekaya, usikimbilie kusema wote ni uongo, wala usikimbilie kumpa kila mmoja mnyama halisi aliyejificha nyuma yake. Kraken, zimwi la baharini la hekaya za mabaharia wa Norway, ana ndugu wa kweli, ngisi mkubwa, aliyepewa jina la kisayansi na Japetus Steenstrup mwaka 1857. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 2004 ndipo watafiti wa Japani walipompiga picha akiwa hai, karibu mita 900 chini ya bahari. Zimwi la Loch Ness, ziwa la Uskoti, halikubahatika hivyo. Picha yake maarufu ya mwaka 1934 ilikuwa kichwa cha kuchonga juu ya nyambizi ya kuchezea, na vinasaba vilivyochotwa ziwani mwaka 2018 vilionyesha mikunga kwa wingi, reptilia hakuna.

Wala usione haya kusoma utafiti unaochekesha. Andre Geim alipata tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2000 kwa kumwelesha chura hewani kwa sumaku, na mwaka 2010 akapata Nobel yenyewe ya fizikia.

Kama huna kiumbe wa kuanza naye, chukua sisimizi. Tazama Them!, filamu ya Marekani ya mwaka 1954 yenye sisimizi wakubwa kuliko binadamu. Kisha soma hoja ya Galileo ya mwaka 1638: ukikuza mwili mara mbili kila upande, uzito huongezeka mara nane huku eneo la mkato wa miguu, linalobeba uzito huo, likiongezeka mara nne tu, kwa hiyo sisimizi yule angevunjika miguu kwa uzito wake. Kutoka hapo nenda kwa kuvu ya Ophiocordyceps, inayomfanya sisimizi apande mmea, aume jani na kufia hapo. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba nyuzi zake huzunguka misuli ya mwili mzima lakini haziingii kwenye ubongo. Mwishowe toka na daftari, utafute mstari wa sisimizi, upitishe kidole katikati ya njia yao ili ufute harufu waliyoiacha chini, kisha uandike wanachukua muda gani kuunganisha njia tena na ni yupi aliyevuka kwanza.