Lili yatoa majani tu mwaka wa pili

Mkuu, lili iliyochanua vizuri mwaka wa kwanza kisha wa pili ikatoa majani matupu, mara nyingi haina njaa ya mbolea. Maua ya mwanzo yalitoka kwenye akiba iliyokuwa tayari ndani ya tunguu (ile sehemu nene ya chini ya ardhi inayofanana na kitunguu) uliponunua. Maua ya mwaka wa pili ni kazi yako.

Wengi hukata shina mara maua yanaponyauka. Kata kichwa cha ua tu kabla hakijafunga mbegu, shina na majani uyaache mpaka yageuke manjano yenyewe, maana ndiyo yanayolijaza tunguu. Bustani itakuwa na vijiti vibaya kwa wiki kadhaa, ndiyo. Vumilia.

La pili ni baridi. Aina nyingi zinataka wiki 6 hadi 8 za nyuzijoto 2 hadi 5. Kama kwako hakuna baridi hiyo, majani yakishakauka chimbua tunguu, lifukie kwenye maranda ya mbao yenye unyevu kidogo (ukiyaminya yasichuruzike), ndani ya mfuko uliotobolewa, kisha weka kwenye friji, siyo sehemu ya kugandisha. Matunda yakae mbali: tufaha na ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharibu chipukizi la ua. Na usilianike juani kama kitunguu. Tunguu la lili halina ganda la nje, magamba yake hukauka upesi.

Ukirudisha ardhini, kina kiwe mara tatu ya urefu wa tunguu, kwa kawaida sm 15 hadi 20. Shina huota mizizi mingine juu ya tunguu, na ukipanda juujuu mizizi hiyo inakosa udongo. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji uinulie tuta. Samadi mbichi usiguse kabisa, inaozesha kitako, yaani sehemu ya chini ya tunguu. Tunguu lenye kitako laini cha kahawia litupe, tena siyo kwenye mboji.

Majani yakiwa na michirizi ya njano na kujikunja, hivyo ni virusi vilivyoletwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Dawa hakuna, ng'oa mmea wote.

Mwenye paka asipande lili hata moja. Paka akilamba chavua (unga wa ua) iliyomwangukia manyoya tu, figo zinaweza kufa.

Chavua ikidondokea nguo, usisugue wala kutia maji. Bandika selotepu, bandua, rudia.