Ukienda Jojia, tafuta meza ya kukaa

Safari yangu ya kwanza Jojia ilikuwa ya siku nne, likizo ya Idi, nikarudi Muscat na picha mia sita na neno moja la Kijojia ambalo hata hilo nilikuwa nalitamka kombo. Waswahili tunaofanya kazi huku Ghuba tunaijua aina ile ya safari: ndege inapitia Sharjah, basi dogo linakusubiri, asubuhi kanisa, mchana mlima, jioni duka la asali, na mtembezaji anakuhesabia dakika. Nililiona kanisa la Gergeti limekaa peke yake kwenye mita 2,170, mlima Kazbek na theluji yake nyuma, na sisemi uongo, ulimi ulinikauka. Lakini kwa siku nne nzima sikuzungumza na Mjojia yeyote, ukiacha mkata tiketi na bibi mmoja aliyeniuzia soksi za sufu.

Mwaka uliofuata nikaomba likizo yangu yote kwa mkupuo, nikaenda Septemba, wiki tatu. Haya ninayowaambia yametoka kwenye safari hiyo ya pili. (Na ni Jojia ya Kaukasi, yenye mji mkuu wa Tbilisi. Shangazi yangu Tanga mpaka leo anasimulia watu kwamba nilikwenda Atlanta.)

Kabla ya kununua hata koti, jifunze herufi zao. Ni 33, za duaraduara kama vikonyo vya mizabibu, hazifanani na za Kirusi wala hizi zetu. Zinatisha kwa kuziangalia tu. Hakuna kubwa na ndogo, na kila moja ina sauti yake, kwa hiyo unasoma kama ilivyoandikwa, sawasawa na Kiswahili. Mimi nilizimaliza kwa wiki mbili nikiziandika nyuma ya risiti ofisini. Faida yake niliiona Didube, kituo cha magari ya kwenda kaskazini mwa Tbilisi, ambacho nusu ni kituo na nusu ni soko, wapiga debe wanaita "Kazbegi! Kazbegi!" na mtu anajaribu kukushika mkono akupeleke kwenye teksi ya bei mbaya. Daladala zao zinaitwa marshrutka, na nyingine zina kibao cha Kijojia peke yake kiooni. Nilisoma kibao polepole kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na yule wa teksi akaniacha. Kwa Mjojia, mgeni anayesoma herufi zake si wa kudanganywa tena.

Maneno nayo yana visa. "Mama" kwa Kijojia ni baba. Mama ni "deda". Bibi ni "bebia" na babu ni "babua", hapo angalau tunakaribiana. Kama huli nguruwe, ujue kwamba khinkali, yale maandazi ya nyama yenye mchuzi ndani, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Neno la kuuliza ni "ghori", ndiyo nguruwe mwenyewe. Au agiza khinkali ya "soko". Soko ni uyoga. Shika kile kifundo cha juu, ng'ata kidogo pembeni, fyonza mchuzi kwanza, kifundo ukiache sahanini. Mimi ya kwanza niliikata kwa kisu, mchuzi wote ukamwagika, na mezani pakawa kimya kama nimetukana.

Lugha yao haina "yeye" wa kiume na wa kike, kama yetu. Mjukuu wa nyumba niliyofikia alikuwa akizungumza Kiingereza kizuri ila anamwita bibi yake kwa kiwakilishi cha kiume, na mimi nikawa namjibu na kosa lile lile. Hakuna aliyemsahihisha mwenziwe.

Usije ukaichukulia lugha hii kama jambo la kufurahishia wageni. Mwaka 1978 wakubwa wa Kisovieti walitaka kukiondoa Kijojia kwenye katiba kama lugha ya taifa. Vijana wakajaa barabara ya Rustaveli, Tbilisi, tarehe 14 Aprili, na wakubwa wakarudi nyuma. Leo siku hiyo ni siku ya lugha. Watoto wao tangu karne ya 19 wanaanza kusoma kwa kitabu kinachoitwa Deda Ena, yaani lugha ya mama. Nchi yenyewe wanaiita Sakartvelo, na ukiitamka hivyo utaona uso unavyobadilika. Jina la Kirusi, Gruzia, liache. Wazee wengi wanakijua Kirusi na watakusaidia kwacho, lakini usianze wewe. Kuna stika ukutani Tbilisi zinazosema asilimia 20 ya nchi yetu inakaliwa na Urusi, na maana yake ni mikoa iliyojitenga ya Abkhazia na Ossetia Kusini.

Sasa meza.

Karamu yao inaitwa supra, na supra ni kitambaa cha meza. Sisi wa Oman tutaisikia humo sufra yetu. Ukipanga safari, panga ufikie angalau siku tano katika nyumba moja ya watu, hasa mkoani, badala ya hoteli tano za usiku mmoja mmoja. Mimi nilichagua Zugdidi, magharibi, kwa familia inayopangisha vyumba viwili vya juu. Ni mji ambao basi za watalii hupita tu zikielekea milima ya Svaneti. Bebia alinipokea kwa ghomi. Jamani, ghomi ni ugali! Unga wa mahindi meupe, umesongwa kwa mwiko wa mti, hauna chumvi, laini kuliko sembe yetu. Tofauti ni kwamba wanachomeka vipande vya jibini iitwayo sulguni katikati ya ule moto, inayeyuka, unavuta nyuzi. Pembeni kuku kwenye mchuzi wa jozi zilizosagwa. Nilinawa, nikamega kwa mkono. Bebia akaacha kijiko chake, akamega na yeye.

Supra yenyewe ilikuwa Jumapili, ndugu wametoka Kutaisi. Kila supra ina tamada. Ukimfananisha na mshereheshaji wa harusi zetu utakuwa umemdhulumu, maana huyu hana kipaza sauti wala utani wa kukodi. Anasimama, anasema maneno yake ya dakika tatu au kumi, kisha wote wanasema "gaumarjos!" ndipo wanakunywa. Amani kwanza, nchi, waliokufa, watoto, wazazi, wageni. Wakifika kwa waliokufa wanaume wote wanasimama. Hakuna anayegusa glasi kabla ya tamada kusema, na hilo ndilo kosa kubwa la wageni: unajimiminia, unakunywa kama uko mgahawani. La pili ni kushiba mapema. Sahani zinaletwa juu ya sahani, zinapandana, na sahani tupu inahesabika kama aibu ya mwenyeji. Kula kidogo kidogo, una saa tano mbele.

Mimi sinywi pombe, na swali hili naulizwa kuliko yote: utakaaje kwenye meza ya watu wanaotengeneza mvinyo tangu miaka 8,000 iliyopita, wanaouchachusha kwenye mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini? Unakaa vizuri tu. Mwambie mwenyeji mapema, kabla ya siku, kwamba dini yako hairuhusu. Usingoje glasi ifike mkononi ndipo uanze kujitetea mbele ya wajomba kumi. Halafu uwe na kitu kwenye glasi hata hivyo, maana mkono mtupu unaonekana kama hutaki kuombea amani. Bebia alinipa kompoti, maji ya matunda yaliyochemshwa, ya cheri. Na mnaokunywa, mvinyo utawavumilia lakini ile chacha, pombe kali ya makapi ya zabibu, haina huruma, iogopeni.

Katikati ya usiku tamada akanigeukia akasema "alaverdi". Maana yake anakukabidhi maneno, uendeleze pale alipoishia. Alikuwa amesema juu ya wazazi. Nilikuwa sijajiandaa, mwili ukanitetemeka, nikasimama nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu waliniomba wakisikie: "Mama yangu yuko Tanga, mama yangu ndiye aliyenifundisha kukaribisha mgeni." Wakasikia "mama" mara mbili wakadhani nasema baba, na mjukuu alipofafanua, meza ikaangua kicheko mpaka tamada akajifuta macho. Kisha wanaume watatu wakaanza kuimba. Mmoja kashika sauti ya chini hatoki hapo, mmoja anapanda, wa tatu anapita katikati yao, hakuna ngoma wala kinanda. Mjomba mmoja alikuwa na simu mkononi. Aliilaza kifudifudi mezani kabla ya kutia sauti yake. Na mimi nikaitia yangu mkobani, sina rekodi ya usiku ule.

Siku mbili tatu baadaye ikafika Septemba 27. Bebia aliamka mapema, akavaa nyeusi, akaenda kuwasha mshumaa. Ni siku Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, ulipoanguka kwenye vita vya kujitenga, mwaka 1993, na Wajojia zaidi ya laki mbili wakatoka Abkhazia, wengi kwa miguu. Naye alikuwa mmoja wao. Zugdidi iko karibu kabisa na mstari ambao sasa hawezi kuuvuka kwenda kwao. Sikumuuliza kitu. Alinionyesha mwenyewe funguo, akazirudisha kwenye kopo la chai. Nawashauri hivyo hivyo: vita, Urusi, hata Stalin, ambaye ni mzaliwa wa Gori na ana jumba la makumbusho huko, usivianzishe wewe, na usivifanyie mzaha. Katika nyumba moja babu na mjukuu wanaweza wasikubaliane.

Vivyo hivyo na mambo ya mjini. Rustaveli, mbele ya bunge, ndiko walikouawa waandamanaji na askari wa Kisovieti Aprili 9, 1989, na miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, ndipo uhuru ulipotangazwa. Tangu mwisho wa Novemba 2024, serikali iliposimamisha mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya, watu wakarudi barabarani pale pale. Ukiwakuta, simama mbali, sikiliza. Bango si lako kulishika. Wewe ni mgeni na viza yako ni karatasi.

Kanisani, wanawake hufunika kichwa na huvaa sketi au kanga ya kuazima iliyoko mlangoni. Pale Svetitskhoveli, Mtskheta, mlinzi alikuwa akimgawia kila mtalii kitambaa huku akinuna. Alipofika kwangu na mtandio wangu akatazama juu, akatazama chini hadi kwenye viatu, akaniitikia kwa kichwa nikapita. Sijawahi kupitishwa mlangoni haraka hivyo popote Ulaya. Na kama unatafuta pa kuswali Tbilisi, nenda Abanotubani, mtaa wa hamamu za maji ya moto ya salfa, panda kidogo utauona msikiti wa matofali. Sunni na Shia wanaswali humo pamoja, chini ya paa moja.

Kuhusu ngozi yetu niseme ukweli. Utatazamwa sana, hasa nje ya Tbilisi. Kwangu mara nyingi ilikuwa udadisi, watoto kutaka picha. Mara moja haikuwa hivyo, kijana kwenye marshrutka alisema neno ambalo sikulielewa, ila mama aliyekaa nyuma alilielewa, akamshukia mpaka akahama kiti. Uwanja wa ndege nao unaweza kuulizwa maswali kuliko aliyekutangulia, basi beba kwenye karatasi tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia na bima, usitegemee simu yenye chaji asilimia nne kama mimi.

Zawadi: maua yawe idadi ya witiri, tatu au tano, kwani idadi ya shufwa ni ya msibani. Mimi nilibeba karafuu na khanga. Bebia aliuliza maandishi yanasemaje. Yalisema "Mgeni njoo mwenyeji apone", na mjukuu alipotafsiri akasema hata wao husema mgeni ni wa Mungu, sasa huyu mwenyeji anaumwa nini? Nilishindwa kueleza vizuri.

Pasaka iliyofuata yule mjukuu alinitumia picha. Kipande kimoja cha ile doti kimetandikwa mezani, mayai mekundu juu yake. Cha pili bebia kajifunga kichwani kwenda kanisani, maandishi juu chini.