Ugonjwa Ulioandikwa Vibaya Katika Madai ya Fidia ya Veterani

Mtu aliyelitumikia jeshi la Marekani anapodai fidia ya ulemavu kwa Wizara ya Maveterani, ambayo sote tunaiita VA, kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba leo hii ana ugonjwa au jeraha, kwamba kuna jambo lililompata akiwa jeshini, na kwamba jambo hilo ndilo lililozaa ugonjwa huo. Jina la ugonjwa likiandikwa vibaya, lile la kwanza huanguka, na mawili yaliyobaki hayana tena cha kushikilia. Nimelipitia jambo hili mwenyewe, na ninaandika hasa kwa ajili ya wenzangu waliozaliwa Afrika Mashariki wakavaa sare ya nchi hii.

Daktari aliyepewa kazi ya kunipima aliandika kwamba misuli ya kiuno changu imevutika, basi. Kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili, nilichofanyiwa katika hospitali ya kiraia kilikuwa kimeonyesha diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake na kugandamiza neva inayoshuka mguuni. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu katika kanuni za VA mgongo hupewa kiwango chake cha ulemavu, na neva hiyo ya mguu, iitwayo siatiki, ikiathirika, kila mguu ulioathirika hupewa kiwango cha peke yake, kuanzia asilimia 10 kwa athari ndogo hadi asilimia 80 neva inapopooza kabisa. Kwa kuwa ripoti ilitaja misuli tu, ganzi ya mguu wangu haikuhesabiwa hata kidogo.

Kabla ya kulalamika popote, tafuta kwanza kosa limekaa wapi. Barua ya uamuzi ni muhtasari tu. Omba jalada lako kwa fomu 20-10206, kisha usome ripoti nzima ya daktari mpimaji pamoja na orodha ya ushahidi uliotumika. Huenda daktari wa jeshi ndiye aliyekosea zamani, huenda ni mpimaji, na huenda ripoti ni sahihi ila afisa aliyeandika uamuzi ameisoma vibaya. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua njia ya kufuata. Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Ikiwa ushahidi sahihi tayari umo jaladani na afisa ameupuuza, omba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Ikiwa unahitaji sauti ya daktari mwingine, wasilisha ombi la nyongeza kwa fomu 20-0995, likiwa na ushahidi mpya unaohusika. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, kwa fomu 10182. Nasisitiza hili kwa sababu linaumiza watu: mapitio ya ngazi ya juu hayapokei ushahidi mpya, kwa hiyo anayeyachagua huku MRI mpya iko mkononi mwake, kipimo hicho hakitaangaliwa.

Mimi nilichagua ombi la nyongeza, na kilichobadilisha uamuzi ni barua ya daktari. Barua ya mistari miwili inayosema tu kwamba mgonjwa ana diski mbovu haina nguvu. Daktari wangu alitaja kumbukumbu alizozisoma, zikiwamo za jeshini, akaitaja ripoti ya mpimaji kwa tarehe yake, kisha akaeleza kwa nini misuli iliyovutika haiwezi kueleza ganzi inayoshuka hadi kwenye vidole vya mguu. Mwisho aliandika kwamba uwezekano wa tatizo hilo kutokana na utumishi jeshini haupungui nusu kwa nusu. Uwezekano wa kiasi hicho unatosha, kwa kuwa sheria inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka humfaidi veterani. Mwombe daktari wako aeleze sababu zake hata kama ana haraka.

Mke wangu naye aliandika ushahidi kwa fomu 21-10210. Alieleza jinsi ninavyoshuka ngazi na jinsi ninavyoamka usiku, wala hakutaja jina la ugonjwa wowote. Ndivyo inavyofaa: shahidi wa kawaida hueleza alichokiona, na jina la ugonjwa huachiwa daktari.

Siku ya kupimwa, malezi yetu yanaweza kutugharimu. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwanza kwamba ni njema, maradhi hutajwa baadaye, na anayetanguliza maumivu huonekana hana subira. Mpimaji huenda akaandika lile jibu la kwanza. Mweleze siku zako mbaya zikoje, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa magonjwa ya akili hali ni tofauti kidogo. Mwaka 2009, katika kesi ya Clemons, mahakama ya rufaa ya maveterani iliamua kwamba anayedai PTSD, yaani maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha, hafungwi na jina hilo, kwa sababu yeye si daktari. Mpimaji akiona ni sonona, madai hayafi. Lakini kasoro ya haiba, yaani tabia inayohesabiwa kuwa ni ya mtu mwenyewe, hailipwi fidia, na wapo askari walioondolewa jeshini kwa jina hilo ilhali walikuwa wameumizwa na vita. Huyo anapaswa pia kuomba kumbukumbu zenyewe zisahihishwe, kwa fomu DD 149, kwenye bodi ya tawi lake la jeshi.

Tafuta mwakilishi aliyeidhinishwa kutoka vyama vya maveterani kama DAV, VFW au American Legion, ambavyo havitozi kitu. Anayekudai asilimia ya fidia kwa kuandaa madai ya mara ya kwanza anakiuka sheria.

Wengine watakushauri kudai kwamba uamuzi wa zamani ulikuwa na kosa la wazi lisilo na ubishi. Kwa ugonjwa ulioandikwa vibaya njia hiyo kwa kawaida haifiki, kwani kanuni za Bodi zinasema kwamba utambuzi mpya unaosahihisha ule wa zamani si kosa la aina hiyo. Ukiwasilisha ombi la nyongeza ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi, unailinda tarehe ya awali ya malipo. Mwaka ukishapita, ombi hilo bado linapokelewa, ila malipo kwa kawaida yatahesabiwa tangu siku lilipowasilishwa.