Mjomba wa Matangi: Mkunga, kamba na kifuniko

SWALI: Shikamoo Mjomba. Niko Njiro, Arusha. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 400, lina mwaka na nusu na limetulia. Ndani kuna matumbawe laini, wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe, kangaja mmoja, kamba wasafishaji wawili na kaa wadogo wa kwenye makombe. Sasa nataka mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Rafiki yangu wa Tanga anasema kuna mvuvi wa kunipatia mmoja mdogo, urefu wa kiganja hadi kiwiko, mwenye madoa meusi mwili mzima. Mke wangu hataki hata kusikia. Tuna mtoto wa miaka minne, na mama yake anasema huyo ni nyoka tu. Je, atakula matumbawe yangu? Anang'ata? Na kwa umeme wetu huu, atapona kweli?
Baba wa Mmoja, Njiro

JIBU: Marahaba baba. Matumbawe hayaliwi, ondoa hofu. Mkunga anakula nyama, na matumbawe kwake ni nyumba. Atakachofanya ni kuyaangusha akipenya chini ya mawe, kwa hiyo mawe yakalie kioo cha chini, mchanga uje baadaye, na kila tumbawe liwe limegandishwa kwa gundi. Wa kusikitikia ni kamba na kaa. Hao wahesabu kuwa wameshaliwa, au wahamishe leo.

Huyo wa Tanga mwache. Mimi nimekulia huko na nimemwona kwenye madema ya watu, ile mitego ya samaki: madoa meusi yamebanana, katikati yake mistari myeupe kama sega la nyuki. Ni Gymnothorax favagineus. Leo anaenea kwenye ndoo, lakini akikomaa anaweza kufika mita 3, na tangi la lita 400 kwa kawaida halizidi mita moja na nusu. Halafu huyo ni mla samaki, ana meno marefu makali. Kangaja wako angekuwa kitoweo.

Unayemtaka ni Echidna nebulosa. Mwili mweupe, safu mbili za mabaka meusi yenye vidoa vya njano ndani yake, na vijibomba vya pua vya njano. Naye yupo pwani yetu hiyohiyo, kwenye maji mafupi ya mwambani. Baharini hufika hadi mita moja. Kwenye matangi wengi huishia sentimita 60 au 70. Meno yake ni butu, ya kuvunjia magamba ya kaa, ndiyo maana samaki wakubwa kiasi huwa anawaacha. Nimesema huwa anawaacha, sikusema hawagusi kamwe. Kisamaki kinacholala chini ya jiwe lake usiku kiko mashakani.

Mwambie mvuvi amshike kwa dema. Wa ndoana anakuja na koo lililochanika, na wa utupa, ile sumu ya mimea, anaweza kukufikia hai kisha akafa taratibu mbele ya macho yako. Mvuvi awe na leseni, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka hivyo, na asiingie kwenye hifadhi za bahari. Kama utaona heri ununue dukani Nairobi, ukachukua na matumbawe magumu palepale, kumbuka yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mpakani Namanga hayapiti kihalali bila kibali.

Sasa tuje kwenye kifuniko, maana swali hilo hukuniuliza na ndilo kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Mikunga wa majumbani hawafi sana kwa ugonjwa. Wanaokotwa asubuhi nyuma ya kabati, wamekauka.

Usiku wa kwanza hatulii. Anaanza kona moja, anapanda na kioo huku akisukuma kwa pua, anashuka, anahamia kona ya pili. Anapapasa pale waya wa hita unapopita, pale bomba la kurudishia maji linapoingia, na pale maji yanapomwagikia kwenda tangi la chini. Tundu la kidole gumba linamtosha. Kichwa kikishapita hakuna cha kukwama, kwa sababu mapezi ya ubavuni hana. Na akitoka wala hababaiki. Mwaka 2021 Rita Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na mwenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mkunga huyuhuyu, Echidna nebulosa, anaweza kujitokeza nchi kavu, akadaka kipande cha chakula na kukimeza hukohuko bila kurudi majini. Anaweza kwa sababu kooni ana taya za pili, zinazochomoza mbele, zinakamata windo na kulivuta ndani. Kazi ya taya hizo alikuwa ameshaieleza Mehta huyohuyo pamoja na Peter Wainwright mwaka 2007. Kwa hiyo usidhani ukingo wa kioo kwake ni mwisho wa dunia.

Tengeneza fremu ya plastiki, funga wavu mgumu wa plastiki wenye matundu madogo, na sehemu za waya na mabomba zikatwe kwa vipimo, kinachobaki uzibe kwa sponji iliyobana. Fundi akikushauri aluminiamu kataa, chumvi itaila. Akikushauri kioo kizima pia kataa, na sababu yake ni mlima. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga, na oksijeni ambayo maji yanaweza kubeba inapungua kwa kiasi kama hicho. Ukifunika tangi kabisa unazidi kulinyima. Uso wa maji uwe unatikisika muda wote, ukiuona umetulia jua pampu imeelekezwa vibaya.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, baridi inafuata nyuma. Inveta ndogo uiunganishe na pampu ya kuzungusha maji peke yake. Hita na taa zitaimaliza betri bure. Ukiweza, ongeza pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka. Mwezi wa saba, usiku wa Njiro ukiwa baridi na umeme haupo, funga blanketi kuzunguka kioo ila lisifunike wavu wa juu. Maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27.

Mama watoto mwambie huyo ni samaki, ana matamvua na sumu ya nyoka hana. Ila kung'ata anang'ata, na kidonda chake kinaweza kuingia wadudu. Mkunga haoni vizuri, kinachomwongoza ni harufu. Ukimtazama akilishwa utaelewa. Kipande cha kamba kiko mbele ya mdomo, yeye anageuza kichwa upande mwingine, vijibomba vya pua vinatafuta, anakipita, anarudi, halafu anarukia kwa ghafla kitu cha kwanza kinachogusa uso wake. Kitu hicho kisiwe kidole. Tumia koleo refu la plastiki, na asiyenawa mikono baada ya kupara samaki asiingize mkono kwenye tangi. Kuhusu mtoto mimi niko upande wa mkeo: kifuniko kiwe na komeo asiloweza kulifikia. Na mjiulize wote wawili kama mko tayari, kwa sababu mnyama huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mtoto atakuwa sekondari na mkunga bado yupo sebuleni.

Chakula mara mbili au tatu kwa wiki kinatosha: kamba, ngisi, kaa, vipande vibichi vilivyogandishwa, visivyotiwa chumvi wala ndimu. Badilishabadilisha, asile kamba tu. Sato na sangara si chakula chake. Akifika anaweza kugoma kula kwa wiki kadhaa, mwache. Akianza, uchafu wake ni mwingi, kwa hiyo mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini, iwe kubwa kuliko unayodhani unahitaji, na naitreti, mabaki ya uchafu huo, uipime kila wiki. Dawa za shaba usiziguse, hana magamba ya kumkinga, na matumbawe nayo yatakufa.

SWALI: Mjomba, maji ya bomba ya huku Sakina yana floraidi, meno ya watu ni ya kahawia. Je, samaki wa bahari watadhurika?
Msomaji, Sakina

JIBU: Maji ya bahari yenyewe yana floraidi, miligramu 1.3 hivi kwa lita, kwa hiyo samaki hao wanaijua. Hata hivyo usitumie maji ya bomba. Yapitishe kwenye mashine ya RO, ile ya kuchuja maji kwa utando, kisha changanya na chumvi maalumu ya akwaria hadi uzito wa maji, ukilinganishwa na maji matamu, usome 1.025. Chumvi ya kupikia haina kalsiamu na magnesi ambazo matumbawe yanajijengea.

SWALI: Mkunga wangu anafungua mdomo na kuufunga kutwa nzima, anatisha wageni. Ana njaa au ana hasira?
Mama wa Rau, Moshi

JIBU: Anapumua, mama. Matundu yake ya matamvua ni madogo, inambidi asukume maji kwa mdomo. Zoea mwendo wake wa kawaida. Siku ukiona ameongeza kasi na kichwa amekitoa nje ya jiwe mchana kweupe, tazama kipimajoto na uso wa maji kabla hujampigia mtu simu, halafu pima amonia. Na hao wageni wakalishe kiti cha upande wa pili.