Ile nyumba ya Shahin Shahr si yangu

Ile nyumba si yangu. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana tangu Ijumaa limenikaa kifuani. Nilituma picha tatu kwenye kundi la familia: barabara pana yenye miti pande zote mbili, ukuta wa matofali uliotambaliwa na mzabibu, na mimi mwenyewe nimekaa barazani na sahani ya sambusa. Sikuandika neno. Kufika jioni wifi yangu keshatuma sauti ya dakika tatu, kwamba mwenzetu kajenga kwa Waajemi, kahamia mtaa wa matajiri, na mama analala chini ya bati lililotoboka kule Barabara ya 14. Kaka kasikiliza, hakumkanusha. Na wewe mwanangu, mtoto wa kaka yangu, ukaandika: "Shangazi, nifanyie mpango na mimi nije kwenye huo mji."

Nawajibu wote kwa pamoja. Habari za baridi mmeshazisikia, na zile siku 12 za vita za Juni 2025, intaneti ilipokatwa mkadhani nimekufa, sizirudii. Nataka kusema juu ya pesa, kwa sababu ndiyo mnayonisemea.

Lakini kwanza ule mji. Shahin Shahr uko hapa Iran, kilomita ishirini na kitu kaskazini ya Isfahan ninakoishi, njia ya kwendea Tehran. Nilipanda savari, zile taksi za abiria wanne wanachangia nauli, nikapita kiwanda cha kusafisha mafuta, na baadaye kidogo nikaingia mahali palipopigwa rula. Mji ule ulichorwa kwenye karatasi kwanza, ndipo ukajengwa, kabla ya mapinduzi ya 1979. Miaka ile ya 1970 waliishi pale Wamarekani wa kampuni ya helikopta ya Bell na wake zao na watoto wao. Barabara kubwa imenyooka, na mitaa inayoikata ina namba, mashariki na magharibi. Watu wa Ngamiani, Tanga, hamhitaji maelezo. Unamwambia dereva namba, anakushusha, kama kwetu unavyosema nishushe Barabara ya 14.

Nilifika saa nane mchana, maduka yamefungwa watu wamelala. Nikatembea kwa miguu kuanzia namba moja, nahesabu vibao. Nilipofika cha kumi na nne nikasimama. Kwetu saa hizo redio tatu zinapiga nyimbo tatu, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, mtoto wa jirani analia, mtu anagombana na mwenye baiskeli. Pale nilisikia njiwa tu. Nililia pale barabarani, mtu mzima, na mkoba begani. Ile picha ya miti niliipiga baada ya kufuta macho. Ndiyo hiyo mliyoiona mkasema nimetajirika.

Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na zaidi. Namwita Khale, kwao ndiyo mama mdogo. Tulijuana kwa sababu namshonea nguo. Naye si wa pale. Katoka Abadan, kusini kabisa, mji wa bandari na mafuta, mitende na joto kama letu. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa mafuta. Septemba 1980 jeshi la Iraq lilipovuka mpaka na mabomu yakaanza kuanguka, walipakia watoto na mablanketi kwenye gari, nguo wakaziacha kwenye kamba zimeloa. Alidhani watakaa wiki mbili. Watu wengi wa Abadan waliangukia Shahin Shahr, na vita ikaenda miaka minane. Yeye hadi leo yuko pale, ni zaidi ya miaka arobaini. Aliniambia miaka ya mwanzo walikuwa wanaitwa jangzadeh, yaani waliopigwa na vita, na kwenye foleni ya mkate neno hilo lilisemwa kwa sauti ya kumwambia rudi ulikotoka. Ni Mwirani huyo, ndani ya Iran, lugha moja na dini moja.

Ana mtende kwenye pipa la chuma. Isfahan iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake inashuka chini ya sifuri, mtende haustahimili. Kwa hiyo kila mwaka majani ya mzabibu yakianza kudondoka anauburuta hadi ndani, karibu na jiko la kupashia nyumba joto, na mwezi wa tatu anautoa. Haujawahi kuzaa. Nilimsaidia kusukuma lile pipa, lilikuwa zito mpaka vigae vikapiga kelele. Nikamuuliza anahangaikia nini mti usiozaa. Akasema akiamka anapenda kuona jani la kwao.

Na alinipikia. Samaki kwa ukwaju, kitunguu saumu, giligilani na uwatu, wenyewe wanaita ghalieh mahi. Miaka minane nipo nchi hii nakula wali na kebabu, sikujua kuna Mwajemi anayekamua ukwaju. Nilipoweka tonge la kwanza mdomoni sikuweza kuzungumza. Halafu akaleta sambusa, nazo anaziita sambuse, za viazi na majani, na pilipili ya kweli. Hiyo ndiyo sahani ya kwenye picha.

Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza, "Mama yako unamtumia nini?" Swali lenu lilelile, ila yeye aliuliza kwa upole. Nikamweleza, na ninyi nawaeleza.

Kadi ya benki ya hapa inaishia mpakani. Visa haifanyi kazi, Mastercard haifanyi kazi, ofisi za kutuma pesa mnazozijua hazipo, wakala wa simu hayupo. Benki za Iran zilikatwa kwenye mtandao wa benki za dunia mwaka 2012, zikarudishwa baada ya mkataba wa nyuklia, zikakatwa tena 2018. Mwenzangu aliye Muscat anabonyeza simu na mama yake anapata ujumbe kabla hajafunga mlango. Mimi siwezi. Kaka, unaposema "hata elfu hamsini tu", shida yangu si hizo elfu hamsini. Ni njia.

Na hicho kidogo nacho kinayeyuka. Tulipofika 2017 dola moja ilikuwa haijafika rial 40,000. Mwaka 2025 ikapita milioni moja. Posho ya mume wangu ni ya rial. Wanaiongeza kila mwaka, lakini bei ya nyama nayo inaongezwa kila mwezi. Nikiweka akiba kwa rial naona inakufa mkononi. Nikitaka dola nanunua kwa bei ya mtaani.

Njia iliyobaki ni ya kubadilishana. Mzazi wa huko anataka kumtumia mwanawe anayesoma hapa. Anampa mama shilingi, mimi nampa mtoto wake toman, yaani pesa ya hapa, toman moja ni rial kumi. Hakuna pesa inayovuka bahari, ni neno tu la watu wanne wanaoaminiana. Inafanya kazi, ila mpaka umpate mzazi mwenye shida hiyo wiki hiyo. Mara nyingine nampa dola msafiri. Mwaka juzi nilimpa mmoja dola 150 za dawa za mama. Alifika Dar, akakaa nazo miezi mitano, akatoa 80. Mama aliwaambia zimefika zote ili msigombane na watu. Nilijua, nikanyamaza.

Sasa hilo bati. Wifi, sikiliza vizuri hapa. Kibali changu cha kuishi, eqamat, ni kama iqama ya Uarabuni, kinategemea cha mume wangu na hakiniruhusu kufanya kazi. Nashona nyumbani kwa siri, nalipwa kwa kipande. Mwaka jana duka moja lilichukua kwangu manto 22, yale makoti ya kike wanayovaa. Nilizishona usiku, watoto wamelala, nimeweka blanketi chini ya cherehani jirani wa chini asilalamike. Mwenye duka akasema njoo wiki ijayo. Nilikwenda wiki ijayo kwa miezi minne. Siku ya mwisho alikuwa na wateja, akaniambia mbele yao: "Unadai? Nenda kashtaki." Alijua siwezi kwenda popote. Nilitoka, nikakaa kituo cha basi, basi la kwanza likapita, la pili likapita. Pesa ile ilikuwa ya bati la mama. Ndilo hilo bati unalonisema.

Kosa langu ni moja na nalikiri. Nimewadanganya kwa miaka. Mama akipiga simu nasema alhamdulillah, mambo mazuri. Niliwatumia picha ya lile daraja la matao 33 maji yanapita chini yake na watoto wanacheza. Sikuwaambia kwamba maji yale yalifunguliwa siku chache tu, na kwamba mto ule, Zayandeh Rud, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu watu wanakatiza kwa miguu. Mlipata picha nilizowapa. Sina haki ya kukasirika sana, na bado nimekasirika.

Mwanangu, nakuja kwako. Usije kutafuta kazi. Hapa wapo Waafghani, mamilioni, wengine wamezaliwa hapahapa, Kifarsi wanakijua tangu tumboni, ndio waliojenga nusu ya majengo unayoyaona. Mwaka 2025 peke yake zaidi ya milioni moja walirudi kwao, wengi kwa kufukuzwa. Kama wao hawana nafasi, wewe unayekuja na cheti cha ufundi umeme na neno salamu utaipata wapi? Na hayo ya kwamba sisi ni Washirazi tunarudi kwa mababu, usiyalete ofisi ya uhamiaji. Hakuna atakayekuhurumia kwa hilo.

Lakini ukipata nafasi ya kusoma, iliyoandikwa, yenye mhuri, ada na bweni vimo, basi njoo na usisite. Vyuo vyao vinafundisha kweli, uhandisi na udaktari, na hawataki mchezo. Utasoma Kifarsi kwanza miezi kadhaa, utalia, kisha utashangaa maneno mangapi ulikuwa nayo tangu Tanga. Njoo na dola taslimu kwa sababu hakuna mashine itakayokupa. Usije na dola za kuuza kiwanja cha babu, nakuapia sitakufungulia mlango. Nimesema uongo, nitakufungulia. Nitakuja kukupokea uwanjani usiku wa manane na koti mkononi. Ila kiwanja kisiuzwe.

Watu wa huku pia msinisemee vibaya. Yule wa duka ni mmoja. Mtoto wetu alipolazwa, jirani wa chini, yuleyule ninayeogopa kelele zake, alileta supu siku sita na hakuacha hata jina. Khale alinilipa ushonaji wa manto nne kabla sijazikata.

Ndiyo maana naandika leo na si mwezi ujao. Kuna kijana wa Pongwe anasoma hapa Isfahan, baba yake anataka kumtumia pesa. Tumekubaliana. Mimi jana nimempa kijana toman za miezi minane ya kushona, pamoja na zile za Khale. Baba yake atamkabidhi mama shilingi 400,000 siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri, nyumbani kwa huyo baba. Namba yake nimempa kaka peke yake. Kaka, nenda na mama wewe mwenyewe, asiende na bodaboda. Hesabuni palepale mbele yake, haoni vibaya. Bati chukueni la geji 28, la geji 30 chumvi ya bahari italila kabla ya miaka mitano. Hazitatosha nyumba nzima. Anzeni na chumba cha mama, upande wa kitanda, na mbao zilizooza mzitoe, msipigilie juu yake.

Wifi, fundi akimaliza nipigie picha moja kutoka ndani, taa imezimwa, mchana, nione kama kuna tundu linalopitisha mwanga.