Yule chui na mbuzi wako

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, sisi huku Pangani wazima. Unaniuliza umwekee Idi programu gani ya mafumbo kwenye simu ili akili ichangamke, na acheze dakika ngapi kwa siku. Ya dakika siyajui. Ninalotaka kujua ni hili: akishapata jibu, nani atamwuliza amelipataje?

Unalikumbuka lile la chui, mbuzi na majani? Mtu avuke mto, mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akigeuza kisogo, chui atamla mbuzi, au mbuzi atakula majani. Ulikuwa darasa la tatu. Ukavusha mbuzi, ukarudi ukachukua majani, ukamrudisha mbuzi, ukapeleka chui, ukamalizia na mbuzi. Mwalimu akakutia kosa, kisa kitabu chake kilisema baada ya mbuzi anafuata chui. Jamani! Njia zote mbili ni sahihi, hii safari 7 na ile 7. Ulinionyesha mkekani: kizibo cha soda ndiye chui, kete ya bao la babu yako ndiye mbuzi, na jani la mchicha. Hakuna aliyeliwa. Ugumu wote uko pale mbuzi anaporudishwa alikotoka. Watu wazima hukwama hapo, maana nani anapenda kurudisha mzigo alioufikisha? Wewe ulimrudisha bila hata kusita.

Baba yako alinikataza nisiende shuleni. Nikaenda. Mwalimu akanijibu, "Mama, mtihani unataka jibu moja." Pengine alikuwa na haki yake, darasa limefurika, madaftari yamerundikana mpaka dirishani, amsikilize nani? Lakini dakika moja tu, Zuhura! Ile alama nyekundu nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo. Nilisema siku ile na bado nasema: mtoto aulizwe njia kabla ya jibu.

Hiyo programu sina ugomvi nayo. Haichoki, haina viboko. Ila kama kazi yake ni kulia "tii" mtoto akikosea, basi ni yule yule mwalimu... Haya, nanyamaza. Mtoto wako, simu yako.

Likizo mlete. Bao lipo, kete zote 64 zimo. Nitacheza naye, ila kabla hajagusa kete aniambie kwanza ya mwisho itaangukia shimo lipi.

Mama yako