Diski inalia, nifanyeje?

SWALI: Habari mhariri, niko Jinja. Hadidiski yangu ya nje ilianguka, sasa nikiichomeka inalia ta-ta-ta na kompyuta haiioni. Picha zote za marehemu mama ziko humo. Fundi anataka kuifungulia hapo kibandani kwake, nimruhusu?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, usimruhusu kabisa! Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vimeharibika, na kila ukiiwasha vinaweza kukwaruza sahani za ndani zinazotunza data na picha ndo zinapotea moja kwa moja, kwa hiyo chomoa uiache. Kichwa kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani, punje ya vumbi kwake ni jiwe, ndo maana hufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi. Ule ujanja wa kuiweka diski kwenye friza nao achana nao, unaleta unyevu. Tafuta maabara ya kuokoa data, ulizia bei kwanza.